Mtoto wa Kipaimara na mechi ya Jumapili

Ujumbe huingia Ijumaa usiku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: mechi ni Jumapili saa 3 asubuhi, watoto wafike saa 2 wakiwa na jezi ya bluu na maji ya kunywa. Wazazi wanajibu kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Yupo anayekaa kimya. Mwanawe yumo kwenye mafundisho ya Kipaimara, na mwalimu alishasema kwamba mahudhurio ya ibada yanaandikwa. Ada ya akademi imelipwa, viatu vimenunuliwa, na mtoto mwenyewe amelala akiukumbatia mpira.

Familia nyingi za Kikristo mijini zinaujua usiku huo. Jumamosi ya mtoto wa Kikatoliki Dar es Salaam inaweza kuanza saa 12 asubuhi akiwa na mama yake kwenye jumuiya ndogo ndogo, ikaendelea na mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, ikaishia mazoezini jioni. Mlutheri anayesubiri Kipaimara ana Jumamosi zake darasani. Msabato ndiye mwenye mtihani mgumu kuliko wote. Tangu jua lizame Ijumaa hadi lizame Jumamosi hagusi mpira, na siku hiyohiyo ndiyo inayopendwa na waandaaji wa mashindano ya watoto. Mkatoliki anaweza kuwahi misa ya kwanza, na wapo watoto wanaofika kwenye misa hiyo wamevaa jezi ndani ya shati jeupe, namba ikionekana mgongoni. Msabato hana sabato ya kwanza wala ya pili.

Wako wazee wa kanisa wanaoumaliza mjadala kwa kusema mpira ni wa dunia. Historia haiwaungi mkono. Mpira wa kikapu ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu katika chuo cha YMCA, jumuiya ya Kikristo ya vijana, huko Springfield, Marekani. Miaka minne baadaye William Morgan, naye wa YMCA, akabuni mpira wa wavu. Mtakatifu Yohane Bosco alipokuwa mtoto kijijini alijifunza mazingaombwe na kutembea juu ya kamba ili awakusanye wenzake, kisha awaombe wasali pamoja naye. Wasalesiani, shirika alilolianzisha, wameendelea na kazi hiyo hadi Upanga, Dar es Salaam, ambako uwanja wa Don Bosco umelea wachezaji wengi wa kikapu wa jiji hili. Na pale Iten, Kenya, Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St Patrick's. Mtawa huyo ndiye kocha aliyemlea David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016.

Kwa hiyo kanisa na kiwanja vimefahamiana kwa muda mrefu. Kinachogombaniwa ni saa, na juu ya saa, ni nani mwenye neno la mwisho kwa mtoto.

Kwenye mahubiri mfano unaotolewa kila mara ni wa Eric Liddell. Alizaliwa Tianjin, China, mwaka 1902, mtoto wa wamisionari wa Kiskoti, akawa mmoja wa wanariadha wenye mbio kali kuliko wote Uingereza. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924, mchujo wa mita 100 ulipangwa Jumapili. Liddell aliijua ratiba miezi kadhaa kabla, akakataa kukimbia siku hiyo, na shinikizo halikumtikisa. Alijiandaa kwa mita 400, mbio ambazo hakutarajiwa kutamba, akashinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata alirudi China kuwa mmisionari.

Wahubiri wengi huishia hapo, nami naona wanaacha sehemu inayowahusu wazazi zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walimfungia Liddell katika kambi ya Weihsien pamoja na wageni wengine, wakiwemo watoto wengi wa shule ya wamisionari waliotenganishwa na wazazi wao. Aliwafundisha sayansi na kuwaandalia michezo, isipokuwa Jumapili. Vijana, kwa uchovu wa kufungiwa, wakaandaa wenyewe mechi ya magongo siku ya Jumapili. Hawakuwa na mwamuzi, na mchezo ukaishia kwenye ugomvi. Liddell akakubali kuwachezesha siku ileile aliyokataa kuikimbilia medali. Alifariki kambini Februari 1945, akiwa na miaka 43.

Sidhani alikuwa amelegea. Kilichokuwa chake, yaani medali na jina, alikitoa sadaka bila kumlaumu mtu. Kilichokuwa cha watoto wa wenzake alikipima upya, kwa sababu aliona wakiumizana.

Mzazi anayeishi mjini anahitaji yote mawili, kutoa kilicho chake na kupima upya kilicho cha mtoto, na anahitaji pia ujasiri wa kusema. Nimewasikia wazazi wakimwomba kocha ruhusa kwa sababu ya twisheni, bila aibu yoyote, na kocha akakubali. Wazazi haohao huona haya kuomba ruhusa kwa ajili ya ibada, wakasema mtoto ana mafua. Mtoto amesimama pale pale, anasikia, na anajua kwamba hana mafua. Atatoka hapo akijua kwamba mtihani ni jambo la kutetewa hadharani, na kwamba Mungu hufichwa nyuma ya ugonjwa wa kusingizia. Afadhali kumwambia kocha ukweli mwanzoni mwa msimu, kabla ya kulipa, na mtoto naye ajue mapema mechi ambazo hatacheza. Atalia. Alie akijua sababu.

Hata hivyo, ugomvi wa ratiba si mkubwa kama tunavyoukuza. Nawahofia zaidi watu wanaokuja na wazo la kumpunguza mtoto umri. "Tukimshusha miaka miwili ataonekana," wanasema, na cheti kipya kinapatikana. Mtoto yuleyule aliyekariri Amri Kumi kwenye Katekisimu Ndogo ya Luther sasa anakaririshwa mwaka mpya wa kuzaliwa, asije akababaika akiulizwa. Jeraha hili taifa zima linalikumbuka: mwaka 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, walienguliwa kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na kundi zima la vijana wasio na hatia likapoteza nafasi yake. Kuna pia kamati za ufundi, zile ambazo kila mpenda soka anajua hazihusiki na ufundi wowote bali na ushirikina, na timu za watoto wadogo zinazoambiwa ziruke ukuta badala ya kupita getini. Mtoto akihudhuria ibada zote za mwaka, kisha akapakwa dawa kabla ya fainali huku baba yake akitazama, mahudhurio yale yamemsaidia nini?

Halafu kuna midomo yetu pembeni ya uwanja. Refa, mara nyingi kijana wa chuo anayelipwa nauli tu, anaitwa mwizi na mama aliyeimba kwaya asubuhi.

Kanisa nalo lina deni. Parokia na sharika nyingi zilikuwa na viwanja ambako watoto walicheza baada ya shule ya Jumapili. Vingi vimekuwa maegesho ya magari na fremu za maduka. Mchungaji anayewakemea wazazi kwa mechi za saa 3 asubuhi angepata nguvu zaidi kama geti la kanisa lingekuwa wazi saa 9 alasiri, ibada zikiwa zimekwisha, nyavu zimefungwa, na mwalimu wa Kipaimara mwenyewe ameshika filimbi. Akademi za jirani zingealikwa, zikiwemo zenye watoto wa Kiislamu, na timu ingecheza bila mtoto kudanganya kuhusu mafua. Kwa Wasabato siku ingekuwa ileile ya Jumapili, bila kizuizi. Gharama yake ni mipira michache, chokaa ya kuchora mistari, na magari ya waumini kuegeshwa barabarani kwa saa mbili. Baraza la wazee linaweza kuliamua hilo katika kikao kijacho.