Vipele vya ndevu: Kadri unavyonyoa hadi chini ndivyo unavyozidi kuumia

KIJANA aliyeajiriwa majuzi ananunua wembe mpya Jumapili jioni na kujinyoa hadi kidevu kikang'aa kama sahani. Jumanne shingo inaanza kumwasha. Kufikia Alhamisi amejaa vipele, vingine vimetunga usaha, na anapoketi mbele ya wateja mkono wake hauachi kupapasa shavu. Jumapili inayofuata anajinyoa tena juu ya vipele hivyo hivyo, safari hii akiukandamiza wembe zaidi kwa kudhani kwamba atavifyeka.

Kila mwanamume mwenye ndevu ngumu za kujisokota anaweza kukisimulia kisa kama hiki. La kusikitisha ni kwamba wengi hulaumu kisichostahili lawama. Wapo wanaolaumu maji ya chumvi, wapo wanaolaumu sabuni, na wapo wanaohama kinyozi mmoja hadi mwingine wakitafuta aliye msafi zaidi. Usafi ni jambo jema na tutaurejelea baadaye. Hata hivyo, vipele vingi vya aina hii havianzi kwa uchafu wala kwa viini. Huanza kwa udevu wenyewe, uliokatwa vizuri kupita kiasi.

Madaktari wa ngozi wana jina refu la ugonjwa huu, na maana yake kwa ufupi ni uvimbe wa uongo wa vinyweleo vya ndevu. Neno 'uongo' limo humo kwa sababu maalumu: ukivitazama utadhani ni vinyweleo vilivyoshambuliwa na viini, kumbe sivyo.

Ndevu za watu wengi wenye asili ya Kiafrika huwa zimejipinda tangu zikiwa ndani ya ngozi. Kinyweleo, yaani kile kishimo ambamo unywele huota, chenyewe kimepinda mithili ya upinde. Udevu ukishatoka nje huendelea kujikunja, ukielekea ulikotoka. Ukiachwa ukawa mrefu hauna madhara yoyote. Hujisokota juu ya ngozi, mambo yakaishia hapo.

Wembe ndio unaobadilisha hali. Unapoukata udevu kwa mshazari huuacha na ncha kali mfano wa mkuki. Ndevu hukua takriban thuluthi moja ya milimita kwa siku. Kwa hivyo, baada ya siku chache ncha hiyo huwa imekwisha kujipinda, ikaigusa ngozi na kuidunga, milimita moja au mbili tu kutoka mahali ilipochomozea. Mwili nao hautambui kwamba huo ni unywele wake. Huuchukulia kama mwiba na kuanza kupigana nao. Uvimbe, mwasho, usaha na hatimaye madoa meusi ni matokeo ya vita hivyo.

Ipo njia ya pili, na hii ndiyo inayowaponza wale wanaojivunia kunyoa kwa ustadi. Mtu anapoivuta ngozi kwa mkono mmoja huku akinyoa kwa mwingine, au anapopitisha wembe kinyume na ulalo wa ndevu, udevu hukatwa ukiwa umevutwa nje kidogo. Ngozi ikiachiliwa, udevu hurudi ndani na ncha yake ikabaki chini ya ngozi. Unapoanza kukua tena haupati hata fursa ya kuchomoza. Hutoboa ukuta wa kinyweleo ukiwa humo humo ndani.

Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini nyembe za kisasa zenye makali mengi hazijamsaidia kila mtu. Mmarekani King C. Gillette alipopata hataza ya wembe wake wa kubadilishwa mwaka 1904, ulikuwa na bamba moja jembamba. Mwaka 1971 kampuni yake ilileta wembe wa makali mawili, mwaka 1998 ukaja wa matatu, na mwaka 2006 wa matano. Hoja ya makali hayo ni kwamba la kwanza huuvuta udevu juu, na yanayofuata huukata kabla haujarudi ndani. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni neema. Kwa mwenye ndevu za kujisokota, mara nyingi ni kuyanunua maumivu kwa pesa zake mwenyewe.

Haimaanishi kwamba wataalamu wote wanaafikiana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 nchini Marekani ulionyesha kwamba wanaume weusi wenye vipele ambao walinyoa kila siku, wakiitayarisha ngozi vyema, hawakuzidiwa kuliko wale waliopumzisha wembe kwa siku kadhaa. Hilo halishangazi sana, kwa kuwa udevu unaokatwa kila siku haupati muda wa kufikia urefu wa kujipinda na kuidunga ngozi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, jambo la kuepuka zaidi ni mtindo wa yule kijana wetu: kungoja juma zima kisha kukwangua hadi chini.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wanaume weusi nchini Marekani zimetaja viwango vya kati ya asilimia 45 na 83, kutegemea kundi lililochunguzwa. Miongoni mwa Wazungu ni ugonjwa wa nadra. Mwaka 2004 wanasayansi walieleza hitilafu ndogo katika jeni mojawapo inayohusika na utando unaouzunguka unywele, ambayo humwongezea mtu uwezekano wa kupata vipele hivi. Mtu anaweza basi kuwa msafi kuliko jirani yake na bado akaumia, huku jirani akinyoa kwa wembe butu na maji baridi asipate hata kipele kimoja.

Wanawake nao hawajasazwa. Wale wanaoota ndevu kidevuni, na wote wanaonyoa kwapa na sehemu za siri, hupatwa na vipele vya asili hiyo hiyo. Hata wanaong'oa nywele kwa mchanganyiko mzito wa sukari na ndimu hawaepuki kabisa, kwa kuwa unywele mpya unaoota baada ya kung'olewa huweza kupotea njia chini ya ngozi.

Je, aliyekwisha kuathirika afanye nini?

Jambo la kwanza ndilo gumu zaidi: auweke wembe kando. Apumzike kwa majuma matatu au manne, na zaidi iwapo vipele ni vingi. Aelewe mapema kwamba katika juma la kwanza hali inaweza kuzidi kuwa mbaya, kwa kuwa ndevu zilizokwisha kukatwa bado zinaendelea kuidunga ngozi. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia wembe. Akivumilia, udevu ukifikia urefu wa takriban sentimita moja hujikunjua kama springi na kujichomoa wenyewe.

Katika kipindi hicho, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kikiwekwa juu ya vipele kwa dakika kumi hivi, mara mbili au tatu kwa siku, hulainisha ngozi na kupunguza maumivu. Udevu unaoonekana ukiwa umejikunja kama kitanzi huweza kuinuliwa taratibu kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti. Uinuliwe tu, using'olewe. Ukiung'oa utaota tena kutoka chini, na safari hii huenda usitokeze kabisa. Ule usioonekana usifukuliwe.

Baada ya ngozi kutulia, kunyoa kunaweza kurejelewa kwa utaratibu mpya. Wakati ulio bora ni baada ya kuoga, ndevu zikiwa zimelowa. Udevu uliolowa kwa dakika chache huvimba na kulainika, na ukikatwa hauachi ncha kali kama ule mkavu. Povu lipakwe na kuachwa kidogo lifanye kazi yake, si kupakwa na kunyolewa papo hapo. Wembe uwe mkali na wa bamba moja, upitishwe kwa mkono mwepesi kwa kufuata ulalo wa ndevu, na usuuzwe kila baada ya kupita mara moja au mbili. Ngozi isivutwe. Mahali palipopitiwa mara mbili pasirudiwe tena, hata kama mkono unahisi mikwaruzo.

Ulalo wa ndevu unahitaji kuchunguzwa, hasa shingoni. Mashavuni ndevu hulala zikielekea chini, lakini chini ya taya zinaweza kulala upande, au hata kuelekea juu. Ziache zikue kwa siku mbili kisha upapase kila upande kwa vidole. Upande ambao vidole vinateleza ndio ulalo wake. Wengi huishangaa shingo yao siku ya kwanza wanapofanya hivyo.

Hata hivyo, wembe si lazima. Mashine ya umeme inayoacha ndevu za urefu wa milimita moja hivi huwafaa watu wengi kuliko mbinu zote zilizotajwa hapo juu. Uso utaonekana umenyolewa kwa yeyote aliyeketi ng'ambo ya meza, ila tu hautakuwa laini kama wa mtoto. Upo pia unga na malhamu za kuyeyusha ndevu bila wembe. Hizo husaidia, ila ni kali. Huunguza ngozi zikikawizwa, na hazifai kutumiwa kila siku. Zijaribiwe kwanza mahali padogo, mathalani kwenye mkono.

Kwa wanaonyolewa na vinyozi, neno moja litafaa: mwambie asiikandamize mashine shingoni wala kisogoni, na asikuchoree mstari kwa wembe ikiwa una vipele. Ile spiriti inayopakwa baadaye, ambayo huwafanya watu wakunje uso, huua viini juu ya ngozi lakini haiwezi kuuzuia udevu kujikunja. Usafi una umuhimu wake kwa sababu nyingine. Wembe uliomkata mtu mmoja ukatumiwa kwa mwingine unaweza kusambaza virusi vya homa ya ini, na hata vya Ukimwi, wakati mashine chafu hueneza choa. Wembe uwe mpya, nawe uone ukifunguliwa.

Kuhusu dawa, tahadhari ni muhimu. Dawa ya meno haitibu vipele. Ndimu huichoma ngozi, na ngozi hiyo ikipigwa na jua huweza kubaki na madoa mabaya kuliko yale ya awali. Baya zaidi ni malhamu za kuchubua zinazouzwa vichochoroni, ambazo baadhi zina zebaki au steroidi kali. Huondoa madoa kwa miezi michache, kisha humwacha mtu na ngozi nyembamba inayoumia kwa urahisi zaidi.

Zipo dawa zinazosaidia. Daktari anaweza kuagiza malhamu ya steroidi hafifu itumiwe kwa siku chache ili kutuliza uvimbe, benzoili peroksaidi au kiuavijasumu cha kupaka iwapo viini vimeingilia, au dawa za jamii ya vitamini A ambazo huzuia ngozi kuziba juu ya udevu. Tiba inayokaribia kulimaliza tatizo ni leza, inayoharibu mizizi ya ndevu kwa awamu kadhaa. Mwenye ngozi nyeusi aulize ni leza ya aina gani kabla ya kulipa. Inayomfaa zaidi ni ile ya Nd:YAG, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1,064, kwa kuwa miali yake hupenya bila kuiunguza sana rangi ya ngozi. Nyinginezo zinaweza kumwachia majeraha.

Vipele vya kisogoni navyo vinahitaji jicho la pekee. Kwa baadhi ya wanaume wanaonyoa kichwa hadi chini, huanza kama vijipele vya kawaida kisha vikaungana na kuwa kovu gumu, mahali ambapo nywele hazioti tena. Hivyo si vya kungoja. Mtu amwone daktari wa ngozi vikiwa vingali vidogo.

Linabaki suala la ajira, kwa maana si kila mtu ana uhuru wa kuuweka wembe kando. Nchini Marekani suala hili lilifika mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya huko iliamua, katika kesi ya mwanamume mweusi aliyefutwa kazi ya kupeleka piza kwa sababu ya ndevu, kwamba amri ya kunyoa isiyo na nafuu yoyote iliwabagua watu weusi, na kwamba mwajiri alikuwa ameshindwa kuonyesha umuhimu wake kwa biashara. Jeshini mambo yamekwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 2020 Jeshi la Angani la nchi hiyo lilianza kutoa vibali vya kutonyoa vya hadi miaka mitano kwa wenye vipele, lakini mwaka 2025 wizara ya ulinzi ilikaza kamba, ikiagiza kwamba anayehitaji kibali hata baada ya mwaka mmoja wa matibabu aanze kuachishwa kazi.

Kwa mfanyakazi wa hapa nyumbani ambaye mkubwa wake anamtaka aje na kidevu kitupu, ni heri kwenda hospitalini vipele vikiwa vingali vinaonekana na kuomba barua. Barua hiyo itaje jina la ugonjwa na muda wa kupumzisha wembe, na iseme kwamba mashine ya kuacha milimita moja inatosha. Aipeleke mapema, kabla ya kuitwa kujieleza.