Saa ya Mzamiaji Katika Miji Isiyo na Bahari



Mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma yapata mita 1,400. Huku ni kwa mahindi, miwa na Mlima Elgon, ngalawa hakuna. Hata hivyo, sisi tunaosomesha madrasa Bungoma na kutoa darsa Kitale kila Jumamosi, tunavaa mkononi saa ya mzamiaji, Omega Seamaster, iliyoundwa kuhimili maji hadi kina cha mita 300. Wenye kutucheka wana haki.

Saa hii ni ya chuma kisichoshika kutu, kwani dhahabu imeharamishwa kwa wanaume wa umma huu na kuhalalishwa kwa wanawake wake. Haina betri, hujijaza nguvu kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Ukingoni ina pete yenye alama za dakika 60, ambayo mzamiaji huizungusha anapoingia majini ili ajue amekaa chini muda gani. Pete hiyo huzunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwa bahati mbaya, humwonyesha kuwa muda uliopita ni mwingi kuliko ulivyo, kamwe si mchache. Basi akipotoka hesabu, hutoka majini mapema, pumzi ingali ipo.

Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa akiba ya miaka saba ya biashara ya mahindi. Bei yake ingetosha ng'ombe wawili wa maziwa. Mama watoto alipouliza, “Bwana, saa hii kiasi gani?” tulimjibu, “Ya kawaida tu.”

Miezi miwili baadaye, tukiwa Kitale katika darsa ya akina mama, tulizungumzia ubaya wa israfu. Bibi mmoja mtu mzima akainua mkono: “Sheikh, na hiyo uliyovaa?” Wenzake wakacheka. Sisi hatukuwa na jibu. Ndani ya matatu, kupitia Kiminini na Kamukuywa, tuliivuta mikono ya kanzu tukaifunika saa tuliyoitamani miaka saba.

Usiku ule tulimweleza mwenzetu bei kamili. Akatwambia, “Stakabadhi niliiona siku ile ile. Bei haikuniumiza. Nimeumia kungoja miezi miwili uniambie.”

Ndugu zangu, kumiliki kitu kizuri hakukukatazwa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Saa ya chuma ya kuvaa haitolewi zaka. Ikinunuliwa kwa nia ya kuiuza, hapo huwa mali ya biashara na huhesabiwa. Lakini mume ajiulize kwanza: masurufu ya nyumba yametimia? Madeni yamelipwa? Karo je? Sisi yote hayo tulikuwa tumeyatimiza, na bado tulikosa, kwa kuwa tulimficha mwenzetu jambo la halali kana kwamba ni la haramu. Neno letu, “ya kawaida tu,” lilikuwa uongo.

Tulitaka kuiuza. Akakataa. Alitaka daftari moja tu, ambamo mapato na matumizi yetu sote wawili yataandikwa wazi. Daftari hilo sasa lina mwaka mmoja, nalo limeleta utulivu ambao saa haikuuleta. Na siku za wageni, yeye huichukua saa yetu jikoni, akaizungusha pete kupimia muda wa pilau motoni.

Akina mama, waulizeni waume zenu kwa upole. Akina baba, tujibuni kwa ukweli, kabla hatujaulizwa na Yule asiyefichwa kitu kuhusu mali zetu: tuliichuma wapi na tuliitumia katika nini.

Wabillahi tawfiq.