Mbwa na Vificho vya Milima ya Heru

Upo mchezo ulioenea ulimwenguni ambao vijana wetu wa Buha wangeweza kuucheza vizuri kuliko wengi wanaousifia. Jina lake la kigeni ni jiokashi. Sisi twauita kusaka kificho. Mtu huchukua kopo lisilopenya maji, akatia ndani daftari, penseli na vikorokoro vya thamani ndogo, akalificha porini, kisha akatangaza vipimo vya mahali hapo kama vinavyosomwa kwa satelaiti. Mwingine huchukua simu yake akaenda kulitafuta. Akilipata hutia sahihi katika daftari, akichukua kitu huacha kingine, na kopo hulirudisha palepale alipolikuta. Mchezo ulianzia Marekani. Tarehe 2 Mei, 2000, serikali ya huko iliondoa kasoro iliyokuwa ikitiwa makusudi katika mawimbi ya satelaiti zake, kasoro iliyoweza kumpoteza raia kwa kiasi cha mita 100. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo ya kwanza kwenye miti karibu na Portland. Leo vificho vimezidi milioni tatu, na wengi wa wanaovisaka huandamana na mbwa wao.

Tutaulizwa mambo haya yanamhusu nini mkulima wa Heru Juu. Yanamhusu kwa kuwa nchi yake imejaa vitu vilivyofichika, na watu wajuao njia za kuvifikia wanapungua kila mwaka. Heru palikuwa na ufalme. Huko alitawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyejulikana Tanganyika nzima kabla ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963. Kusini yake ziko chemchemi za Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na njia za wachukuzi wa chumvi zilipita katika mabonde haya. Kisha ilikuja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Hatuilaumu; shule, zahanati na maji haviwezi kuifuata kila nyumba mlimani. Lakini familia zilipohamia vijijini ziliacha mahame, na juu ya mahame hayo mivumu imebaki imesimama, miti ile ambayo magome yake yalikuwa nguo za babu zetu. Kijana aliyezaliwa kijijini aghalabu hajui hame la babu yake liko kilima gani. Anaijua barabara ya kwenda Kasulu, basi.

Warina asali wa Kibondo hawajapotea kiasi hicho. Wao bado huingia miomboni wakimfuata ndege mlembe, na mizinga yao wanaijua mti kwa mti. Wawindaji nao walikuwa na mbwa: mbwa wadogo, wakavu, wenye njuga shingoni ili mwenyewe asikie walikokwenda nyasi zinapokuwa ndefu. Mbwa huyo hakuwa pambo. Alikuwa macho ya nyuma ya msafiri na pua yake ya mbele, na jioni alilala mlangoni. Uwindaji wa namna hiyo leo unahitaji kibali cha sheria, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa wanyama wamepungua. Basi mbwa wengi wamebaki uani hawana kazi, na vijana wengi wenye miguu ya porini hawana sababu halali ya kwenda huko. Kusaka kificho ni msako usiomwaga damu. Mbwa hasomi satelaiti, lakini simu ikishakufikisha karibu na mahali penyewe, hapo pua inaanza kazi, kwani harufu ya mkono ulioficha kopo hubaki kwa muda. Anayedhani hili ni jambo la kubahatisha atazame Usa River, Arusha, ambako tangu mwaka 2014 mbwa wamekuwa wakifunzwa kunusa pembe za ndovu, kisha wakapelekwa kazini katika bandari na viwanja vya ndege, Dar es Salaam na Mombasa zikiwamo.

Hapa ndugu zetu wa Ujiji, na si wao peke yao, watatukatiza: mbwa ni najisi. Sisi tuliokaa chuoni na kushika msahafu kabla hatujashika kalamu ya Serikali twaijua hoja hiyo, na hatuidharau. Madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata pwani na bara, yanaamuru chombo kilicholambwa na mbwa kioshwe mara saba, moja yake kwa udongo. Imamu Malik aliona vingine. Lakini hukumu ya udenda si hukumu ya kumpiga mbwa mawe. Katika Sura ya Pango, vijana walioikimbia dhuluma wamelala na mbwa wao amejinyoosha kizingitini, akahesabiwa pamoja nao. Katika Sura ya Maida mnyama aliyefunzwa kuwinda anahalalishiwa bwana wake windo alilomshikia. Na ni hadithi mashuhuri ile ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Aogopaye udenda na amfuge uani, amlishe kwa chombo chake mwenyewe, na anawe. Kumnyima maji hakumo katika fiqhi yoyote tuliyosomeshwa.

Wageni waliopita huku zamani walikuja na mbwa wao pia. Livingstone alikuwa na Chitane, mbwa mdogo aliyekuwa akikimbia kutoka mtu wa kwanza wa msafara hadi wa mwisho kama nyapara. Alikufa maji mwezi wa Januari 1867, walipokuwa wakivuka kinamasi kipana katika nchi ambayo leo ni Zambia. Stanley, aliyemtafuta Livingstone hadi Ujiji mwaka 1871 na kutozwa hongo nyingi alipokatiza Buha, alikuwa na Omar, aliyetoka naye Bombay; Omar hakuufikia hata mji wa Tabora, maana Makata ilimmaliza. Wote wawili waliandikiwa maneno ya huzuni. Wapagazi wengi waliokufa katika misafara hiyo hawakuandikwa hata majina, na hilo nalo lafaa kukumbukwa tunaposoma vitabu hivyo.

Sasa tufike penye uzito. Mbwa anayekwenda porini na kijana, akarudi kulala karibu na watoto, lazima awe amechanjwa. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 duniani kila mwaka, takribani wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Dalili zikishaonekana kwa mgonjwa hakuna tena dawa ya kutegemewa. Kinga ipo tangu Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa mwaka 1885, zaidi ya karne moja iliyopita. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza dawa za mitishamba.

Baadhi ya halmashauri nchini zinapopata habari ya kichaa hutuma watu wenye bunduki au sumu. Twasema wazi kwamba njia hiyo haikomeshi ugonjwa. Wanaouawa aghalabu ni mbwa walio karibu na watu, hata waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Kinachokomesha ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, na kurudia. Pemba ni ushahidi. Kisiwa kile, ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu na wafugaji wa mbwa si wengi, kiliutokomeza ugonjwa kwa chanjo. Ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ulikuwa umeondoka. Iwapo Pemba imeweza, Kasulu na Kibondo zina udhuru gani? Taifa limejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa ugonjwa huu. Bwana mifugo apewe chanjo, sanduku la barafu na pikipiki yenye mafuta, na siku ya chanjo itangazwe msikitini, kanisani na gulioni. Kijana apendaye mbwa wake atamleta kwa kamba bila kuburutwa na mgambo.

Yamebaki machache ya utaratibu. Mkoa wetu umepakana na Burundi, na Kasulu ina kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996. Mtu anayezunguka na simu akificha makopo vichakani ataulizwa, na wanaomwuliza watakuwa wanatimiza wajibu wao. Kwa hiyo kabla ya kuficha lolote, aandikishe mahali hapo katika ofisi ya serikali ya kijiji. Gombe na Mahale mbwa asipelekwe kabisa, kwa ajili ya sokwe na maradhi wanayoweza kuambukizwa. Na mwalimu wa Heru Juu atakayetaka kuanza na wanafunzi wake, kopo la kwanza aliweke hatua chache kutoka njiani, chini ya mvumu wa hame ambalo wazee bado wanalijua jina, na jina hilo aliandike katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Asilitie kaburini, wala katika mzinga wa mtu.