Taimingi belti na pampu ya maji: Gari kuukuu lisikuache porini

KARNE ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Tabora ulikuwa haujamaliza safari. Hapo Unyanyembe wapagazi walibadilishwa, mizigo ikafungwa upya, chakula kikanunuliwa, kisha njia ikagawanyika. Wengine walishika ya magharibi hadi Ujiji, wengine wakaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke waliofika hapo Novemba 1857 walikaa wiki kadhaa kabla ya kuendelea. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Siku hizi karanga, mpunga, asali na pembejeo za shamba husafiri pia kwa magari ya mtumba kutoka Japani, mengi yakiwa na umri wa miaka 20 na zaidi. Kituo cha kujiandaa bado ni Tabora mjini, kwa sababu ukishaipita Sikonge na kuelekea Koga na Mpanda, sehemu kubwa ya njia ni msitu wa miombo. Gari likifia humo, mwenye mzigo analipa mara tatu: gari la kuvuta, gari jingine la kuhamishia mzigo, na fundi. Soko halimsubiri.

Mojawapo ya mambo yanayoua gari namna hiyo ni mkanda mmoja wa mpira ambao mwenye gari hauoni, kwani umefichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Ni taimingi belti. Mkanda huu wenye meno unaunganisha krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, na kemshafti, inayofungua na kufunga valvu. Krenkishafti ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja. Mkanda ukiruka jino moja tu, injini inakosa nguvu na kula mafuta. Ukikatika, injini inazima palepale.

Kinachofuata hutegemea injini. Katika injini ya petroli ya 3S-FE, iliyofungwa kwenye Carina, Corona, RAV4 za kwanza na Noah za mwaka 1996 hadi 2001, kwa kawaida pistoni hazigongi valvu. Unafunga mkanda mpya na safari inaendelea. Kwa dizeli za 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, au 1HZ ya Land Cruiser, hali ni tofauti kabisa. Pistoni hugonga valvu zikapinda, na silinda hedi lazima ifunguliwe. Hapo bei ya mkanda inageuka bei ya kuunda injini upya.

Toyota ilipanga mkanda ubadilishwe kila kilometa 100,000. Dizeli nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka kilometa hizo zikitimia. Taa hiyo haipimi uchakavu wa mkanda, inahesabu kilometa tu, na kuna wanaoiona kero wakang'oa balbu. Anayenunua gari la mtumba asiamini taa wala namba ya kilometa, kwani zote mbili huchezewa. Atafute stika kwenye injini au chini ya boneti inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini. Kama haipo, ahesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Mpira pia huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa chini ya mwembe, na oili inayovuja juu yake huulainisha na kuulegeza meno.

Pampu ya maji, ambayo mafundi huiita wota pampu, inaingiaje? Katika 3S-FE pampu huzungushwa na taimingi belti yenyewe. Sili yake ikichoka, maji yanadondokea mkanda. Beringi yake ikikwama, mkanda unakatika. Tena kazi ya kuifikia pampu ni ileile ya kuufikia mkanda, na katika Noah, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele, kazi hiyo si ndogo. Kubadili mkanda na kuacha pampu ya zamani ni kumlipa fundi mara mbili kwa kazi moja.

Lakini katika 2L, 3L, 5L na 1HZ pampu huzungushwa na mkanda wa feni ulio nje, na inaweza kubadilishwa bila kugusa taimingi. Mwenye Hiace anayeambiwa kwamba pampu haitoki mpaka taimingi ifunguliwe, na atoe fedha za kazi zote mbili, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Dalili za pampu mbovu zinajulikana: maji kupungua bila sababu, alama ya maji yaliyokauka kwenye tundu dogo chini ya shafti ya pampu, sauti ya kukwaruza, na gari kuchemsha. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni mgandamizo unaoshikiliwa na kifuniko cha rejeta pamoja na kulanti. Kifuniko kilicholegea na maji matupu ya kisima, ambayo huleta kutu na magadi, humaliza pampu mapema. Asiye na kulanti njiani ni afadhali atumie maji ya mvua.

Tatizo jingine ni themostati. Gari likichemsha, kuna mafundi wanaoing'oa na kuitupa. Hilo si tiba. Katika injini nyingi za Toyota, themostati ikishapata joto huziba pia njia ya mkato, hivyo ikiondolewa sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupita kwenye rejeta.

Kazi yenyewe hufanywa injini ikiwa imepoa na waya wa betri umefunguliwa. Fundi huzungusha krenkishafti kwa spana hadi alama za silinda ya kwanza zikae sawa, ndipo alegeze tenshena na kutoa mkanda. Pampu ikitoka, uso wa injini unakwanguliwa taratibu bila kuuchimba, kisha gasketi mpya inawekwa na bolti zinakazwa kwa zamu, si moja hadi mwisho. Beringi ya tenshena na oili sili za mbele zibadilishwe hapohapo. Mkanda mpya ukishafungwa, krenkishafti izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama zitazamwe tena. Fundi anayewasha injini "kujaribu" kabla ya hatua hiyo, hasa ya dizeli, anacheza kamari na valvu za mtu.

Mkanda wa mtumba uliotolewa kwenye injini iliyobomolewa usinunuliwe kwa bei yoyote. Pampu mpya izungushwe kwa mkono dukani. Ikiyumba au kukwaruza irudishwe. Boksi zuri si ushahidi, kwa kuwa majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi.

Kulanti ya zamani imwagwe mbali na kisima na mifugo, kwani ni sumu yenye ladha tamu na mbwa au mbuzi huinywa. Baada ya kujaza mpya, injini iachwe ingurume hita ikiwa imefunguliwa hadi hewa itoke, na kesho yake asubuhi, kabla ya kupakia magunia, maji yaangaliwe tena. Kisha tarehe na kilometa ziandikwe kwenye stika chini ya boneti.