Kiwanja cha Watoto Ndani ya Kabati la Hati

Kila mchezo una kiwanja chake. Bao huchezwa barazani, kandanda uwanjani. Na Minecraft, ule mchezo wa kujenga miji kwa vijitofali ambao Markus Persson wa Uswidi aliuanza mwaka wa 2009, wachezaji wakiwa wengi huchezewa katika seva, yaani kompyuta inayowapokea wote na kuutunza ulimwengu wao. Kompyuta ya mtoto mmoja ikiwa ndiyo mwenyeji, akiitwa kula na kuizima, wenzake wote hutupwa nje.

Kampuni ya Microsoft, iliyoinunua Mojang yenye mchezo huo mwaka wa 2014 kwa dola bilioni 2.5, hukodisha seva kwa ada ya kila mwezi. Lakini programu ya seva hupatikana bure, na baadhi ya nyumba zina kisanduku cha diski kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani, kinachohifadhi picha za arusi na hati za shamba, nacho hakizimwi usiku wala mchana. Watoto wenye macho wamekwisha kukiona.

Si kila kisanduku kinaweza kazi hiyo. Seva ya Minecraft huupigia ulimwengu wake hesabu mara 20 kila sekunde, na chenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 kitahema tu. Chenye 4 au zaidi aghalabu kitawastahimili watoto wanne watano.

Sasa, ndugu msomaji, ili rafiki wa mtaa wa pili aingie, kwa kawaida ruta hufunguliwa mlango, ambao kwa Minecraft ya Java ni nambari 25565. Mlango huo hauchagui mgeni. Mwezi wa Desemba 2021 ilifichuliwa kasoro katika Log4j, programu ndogo iliyomo ndani ya mchezo huo na nyingine nyingi: mtu aliweza kuandika ujumbe mmoja katika maongezi ya wachezaji akaiamrisha seva ifanye atakalo. Dawa ilitolewa tarehe 10 mwezi huo huo, lakini ambaye hakuitumia alibaki hadharani. Januari 2022, kwa kasoro nyingine kabisa, wahalifu wa DeadBolt walizifunga faili katika visanduku vya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti, wakadai bitcoin 0.03 kwa kila kisanduku.

Je, watoto wakatazwe? Hasha! Seva yao iwekwe katika kontena lake, ipewe folda yake tu, isizione picha wala hati. Iwe na orodha ya wanaoruhusiwa, na nakala ya faili zote za nyumbani ikae kwenye diski nyingine isiyounganishwa. Tena ni heri mlango usifunguliwe kabisa. Njia ya faragha kama Tailscale huwaunganisha wanaojuana tu. Kwani kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, hata ukiufungua mlango hakuna awezaye kuubisha.

Na maadamu mji wao wote ni folda tu, mtoto anayehama aweza kuutia kwenye flashi, akaufungua aendako, akaikuta mienge aliyoiacha ingali inawaka.