Njia za Mbao katika Kinamasi cha Saiwa

Karibu na Kitale, nchini Kenya, iko Hifadhi ya Kinamasi cha Saiwa, iliyowekwa mwaka 1974. Ukubwa wake ni kama kilomita 3 za mraba tu, nayo imezungukwa na mashamba. Motokaa haziingii, mgeni hupita kwa miguu juu ya njia za mbao, kisha hupanda minara ya kutazamia.

Je, mbao ni za nini? Nzohe, mnyama wa jamaa ya kulungu, hujificha katika matete, pengine akiacha pua tu juu ya maji. Korongo-taji naye hujenga kiota chake mumo humo. Mguu uachao njia huweza kuvunja mayai. Miguu mingi huyageuza matete kuwa tope. Basi tupitapo, na tunyamaze, tusimame, tungoje. Ndege wa aina zaidi ya 300 wameonekana hapo.

Lakini ubao haulindi maji. Tukilima hadi ukingoni mwa mto, au tukichimba mifereji ya kukikausha kinamasi, minara itasimama, wala hapatakuwa na cha kutazama.