Picha za Angani na Ukingo Unaohama wa Ziwa Elmenteita

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha za angani zinavyotumika kufuatilia mabadiliko ya kingo za maziwa ya Bonde la Ufa. Msafiri anayesimama Kikopey kula nyama choma huliona Ziwa Elmenteita bondeni, akadhani ukingo wake ni mstari wa kudumu. Sivyo. Ziwa hili la magadi, lililotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, halina mto unaotoka. Kwa hiyo hupanuka na kunywea kutegemea mvua na mvukizo.

Picha hizo ni za aina mbili. Kwanza, zipo zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Rubani hufuata mistari sambamba, na kila picha huingiliana na iliyotangulia kwa takriban asilimia 60. Jozi hiyo ikitazamwa pamoja hudhihirisha miinuko na mabonde. Pili, zipo za setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 1982 nukta moja ya picha zake nyingi huwakilisha mraba wa mita 30 kwa 30. Maji hunyonya miale ya infraredi ilhali mimea huiakisi. Hivyo ziwa huonekana jeusi na ukingo wake ukabainika.

Hata hivyo, picha moja pekee haitoshi. Baharini maji hujaa na kupwa kila siku. Ziwani kujaa huweza kuchukua miaka. Mtafiti hana budi kulinganisha picha za msimu uleule katika miaka mbalimbali. Aidha, ufuo ukiwa tambarare, maji yakipanda kidogo tu ukingo husogea mbali.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, maji ya maziwa haya yalipanda. Ziwa Nakuru lilifunika lango kuu la mbuga. Huko Baringo, rasi ya Longicharo iligeuka kisiwa, na twiga waliokwama wakavushwa kwa tishari kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021.

Je, haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili? Mkulima ambaye shamba lake limo majini bado anashika hati ya ardhi. Picha za zamani zaweza kumwonyesha maji yaliwahi kufika wapi kabla hajajenga. Lakini maelezo yake yakibaki katika lugha ya kigeni, hataweza kuyatumia wala kuyahoji. Kazi ya kuyaeleza kwa Kiswahili ni yetu.